Diski kuukuu kwenye seva inayofanya kazi: uhamishe, uakisi au unakili upya?

Kuna seva ambazo hakuna anayethubutu kuzizima. Ndani yake mna diski za SCSI za GB 73 au GB 146, zinazozunguka mara 10,000 au 15,000 kwa dakika, na zimezunguka hivyo usiku na mchana kwa miaka. Mfumo wa uendeshaji ni AIX, HP-UX, Solaris, OpenVMS, au CentOS 7 ambayo msaada wake ulikoma tarehe 30 Juni 2024. HP-UX 11i v3 nayo ilifika mwisho tarehe 31 Desemba 2025. Msaada umekwisha lakini kazi haijakwisha: mishahara bado inatoka humo, rekodi za wagonjwa bado ziko humo. Kisha siku moja taa ya njano inawaka, au diski mpya zinaletwa, nawe unaambiwa utoe za zamani bila watumiaji kujua.

Njia za kufanya hivyo ni tatu. Nimezitumia zote, na kila moja nimeona ikifaulu mahali ambapo nyingine isingefaa. Kabla ya kuzilinganisha, tukubaliane tunazipima kwa nini.

Vigezo

Cha kwanza kwangu ni njia ya kurudi. Saa nane usiku ukigundua mambo yamekwenda mrama, unarudi wapi, na kwa hatua ngapi? Wengi huanza na swali la muda. Muda unapangika, njia ya kurudi usipoiandaa mapema huwezi kuitengeneza ukiwa umeshaharibu.

Cha pili ni kusimama kwa huduma: dakika, saa, au hapana kabisa.

Cha tatu ni mzigo. Diski kuukuu italazimika kusomwa yote, na diski iliyochoka mara nyingi hufia kwenye kazi hiyo. Piga hesabu kabla hujaanza. GB 300 kwa mwendo wa MB 100 kwa sekunde ni dakika 50. Watumiaji wakiwa kazini na ukapata MB 30 tu, ni karibu saa tatu. TB 2 kwa MB 50 ni zaidi ya saa 11, na ndani ya saa 11 umeme unaweza kukatika. Ulizia hali ya betri za UPS na mafuta ya jenereta kabla ya kuandika amri yoyote.

Cha nne ni mahitaji: nafasi ya kuchomeka diski ya ziada, leseni, na ujuzi wa aliyepo zamu.

Kuna mambo mawili ambayo hayana mbadala katika njia yoyote. Moja ni bakapu, yaani nakala ya akiba, iliyojaribiwa kurejeshwa. Bakapu ambayo haijawahi kurejeshwa ni matumaini tu. La pili ni kumjua kila anayeitumia diski hiyo. Kwenye Linux angalia `lsblk`, `pvs`, `/proc/swaps` na `/etc/fstab` (orodha ya mifumo ya faili inayounganishwa seva ikiwaka). Kwenye AIX, `lspv -l` hukuonyesha voliumu zote (sehemu za hifadhi ambazo mfumo huziona kama diski kamili) zilizo kwenye diski. Wanaojificha ndio wanaoumiza: eneo la swap (kumbukumbu ya ziada kwenye diski), eneo la kumbukumbu ya mfumo unapoanguka, diski ya kura ya klasta (kundi la seva zinazosaidiana), na diski ambazo hifadhidata inazitumia moja kwa moja bila mfumo wa faili. Oracle ASM, kisimamizi cha diski cha hifadhidata ya Oracle, ni mfano mzuri. Ukiiamuru itoe diski, amri hurudi mara moja kana kwamba kazi imekwisha, kumbe data bado inahamishwa nyuma ya pazia. Subiri `V$ASM_OPERATION` iwe tupu na hali ya diski isomeke FORMER. Kabla ya hapo usiiguse.

Njia ya kwanza: kuhamisha vipande mfumo ukiendelea

Hii ndiyo `pvmove` ya Linux na HP-UX, na `migratepv` ya AIX. Unaiingiza diski mpya kwenye kundi lilelile la diski (`vgextend`, au `extendvg` kwenye AIX), unaamuru vipande vihame, kisha unaitoa ya zamani kwa `vgreduce` au `reducevg`. Hifadhidata haijui kilichotokea.

*Kurudi.* Hapa ndipo penye udhaifu wake. Kazi ikiwa katikati, voliumu moja ina mguu mmoja kwenye diski ya zamani na mwingine kwenye mpya, na diski yoyote kati ya hizo mbili ikifa, voliumu imekufa. Kwa Linux, kukatika kwa umeme si msiba: `pvmove` huweka alama ya ilipofika, na ukiiita tena bila kutaja diski huendelea kutoka hapo. `pvmove --abort` nayo ipo, ila vipande vilivyokwisha kuhama hubaki vilikohamia, isipokuwa kama ulianza kwa `--atomic`. Kazi ikikamilika, diski ya zamani haina tena nakala unayoweza kuitumia. Diski mpya ikifa wiki ya kwanza, na diski mpya hufa wiki ya kwanza mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, kilichobaki ni bakapu yako.

*Kusimama.* Hakuna, kwa data. Sehemu ya kuwashia mfumo ni habari nyingine. Kwenye AIX, voliumu ya hd5, yenye faili za kuwashia mfumo, uihamishe peke yake, ufuatishe `bosboot` na `bootlist`, kisha ufute rekodi ya kuwashia kwenye diski ya zamani kwa `chpv -c`. Kwenye CentOS 7 `pvmove` haigusi GRUB (programu inayowasha mfumo) wala `/boot` iliyo nje ya LVM, kisimamizi cha voliumu cha Linux. Hizo uziweke mwenyewe kwenye diski mpya.

*Mzigo.* Diski ya zamani husomwa mara moja, na waweza kugawa kazi kwa kuhamisha voliumu moja moja (`pvmove -n`), leo hii, kesho ile. Mimi hupendelea hivyo. Sekta (kipande kidogo kabisa cha diski) isiyosomeka ikikutana na `pvmove`, kazi husimama.

*Mahitaji.* Nafasi moja ya kuchomeka, na hakuna leseni ya ziada. Kuna mtego mmoja: diski nyingi mpya hutumia sekta za baiti 4,096, na za zamani zilikuwa za baiti 512. Matoleo mapya ya LVM hukataa kuzichanganya kwenye kundi moja, na lile la zamani lisilokataa ndilo la kuogopa zaidi, maana mfumo wa faili uliozoea baiti 512 unaweza kukataa kupandishwa (kuunganishwa ili utumike) baada ya kuhamia kwenye 4,096. Soma ukubwa wa sekta kwa `blockdev --getss` kabla ya kununua.

Inamfaa mwenye diski ya zamani iliyo na afya, bakapu ya jana, na wakubwa wasiokubali hata dakika tano za kusimama.

Njia ya pili: kuakisi, kisha kutenganisha

Badala ya kuhamisha, unaifanya diski mpya kuwa pacha wa ile ya zamani, unaziacha ziandikwe pamoja kwa siku kadhaa, kisha unamtoa mzee. AIX ina `mirrorvg`, HP-UX ina MirrorDisk/UX, Linux ina `mdadm` na `lvconvert`, mfumo wa faili wa ZFS una `zpool attach`, na OpenVMS ina kivuli cha diski ambacho wazee wa mashine za VAX walikitegemea kwa kazi nzito.

*Kurudi.* Bora kuliko zote wakati mapacha wako pamoja. Diski mpya ikifa siku ya tatu, ya zamani inaendelea na kazi na hakuna anayepiga simu. Ila nakuomba usome polepole hapa, maana kutenganisha na kuondoa nakala ni vitu viwili. `unmirrorvg` ya AIX na `lvreduce -m 0` ya HP-UX *huondoa* nakala. Diski ya zamani haina tena kitu cha kurudia. Ukitaka ibaki nakala kamili, tumia `splitvg` kwa makundi ya data ya AIX, `lvsplit` kwa HP-UX, au `lvconvert --splitmirrors` kwa Linux. ZFS ni hivyohivyo: diski iliyotolewa kwa `zpool detach` haiingizwi tena kama dimbwi (kundi la diski la ZFS) linalojitegemea, `zpool split` ndiyo inayokupa dimbwi la pili. Na kumbuka kwamba nakala iliyotenganishwa ni picha ya dakika ile tu. Malipo yaliyoingia baadaye hayamo.

Pacha pia huiga makosa. Mtu akifuta jedwali, limefutwa pande zote mbili kwa wakati mmoja.

*Kusimama.* Hakuna, au dakika chache kama unataka hifadhidata itulie wakati wa kutenganisha ili nakala iwe safi.

*Mzigo.* Kusoma ni mara moja kama njia ya kwanza, lakini kwa siku zote za upacha kila kinachoandikwa husubiri diski iliyo taratibu zaidi. Seva yenye maandishi mengi mwisho wa mwezi italalamika. Panga katikati ya mwezi.

*Mahitaji.* Hapa kuna gharama. MirrorDisk/UX ilikuwa bidhaa yenye leseni yake, na seva nyingi za HP-UX hazinayo. Kwenye AIX lazima uelewe kura: kundi la diski mbili lina nakala tatu za ramani yake, mbili kwenye diski moja na moja kwenye nyingine. Diski yenye mbili ikitoweka, kundi hukosa wingi wa kura na hujifunga. `mirrorvg` huzima kanuni hiyo ya kura kwa makusudi. Ukishamaliza na kubaki na diski moja, kumbuka kuangalia uliiacha katika hali gani.

Inamfaa asiyeiamini diski mpya, mwenye muda wa kusubiri wiki, na mwenye wenzake wanaojua kusoma hali ya mapacha.

Njia ya tatu: kunakili upya na kuhama kwa muda uliopangwa

Unatengeneza mfumo mpya wa faili kwenye diski mpya, unanakili huduma ikiwa hai, kisha Jumapili usiku unasimamisha huduma, unanakili mabadiliko ya mwisho, na kuelekeza mfumo kwenye diski mpya.

*Kurudi.* Rahisi kueleweka hata na mtu aliyeamshwa usingizini: diski ya zamani haijaguswa. Iache imepandishwa kwa kusoma tu, na mambo yakiharibika unarudisha mstari mmoja kwenye `/etc/fstab`. Katika njia zote tatu, hii ndiyo peke yake inayokuacha na asili isiyobadilishwa.

*Kusimama.* Lazima, ila si muda mrefu kama watu wanavyohofia. Mzunguko wa kwanza wa `rsync`, zana ya kunakili inayoruka faili zisizobadilika, huchukua saa nyingi watu wakiwa kazini; wa pili, huduma ikiwa imesimama, huchukua dakika. Faili za hifadhidata iliyo hai usizinakili kwa `rsync` ukategemea zitafunguka. Tumia zana za hifadhidata yenyewe.

Na kuna jambo ambalo wanaosema "zima kila kitu kwanza, ndiyo salama" hawalifikirii. Diski iliyozunguka miaka kumi bila kusimama, ukiizima na ikapoa, inaweza kukataa kuzunguka tena. Kwa hiyo simamisha *huduma*, usizime *mashine*, mpaka nakala ya mwisho imekamilika na kuhakikiwa.

*Mzigo.* Diski ya zamani husomwa zaidi ya mara moja, na mamilioni ya faili ndogo huirusharusha sindano yake. Kwa upande mwingine, unasoma data iliyopo tu, si diski nzima. Diski iliyojaa robo itapumua.

*Mahitaji.* Nidhamu. `rsync -a` peke yake huacha viungo vigumu, ruhusa za ziada na sifa za ziada. Zinataka `-HAX` pamoja na `--numeric-ids`. Unix ya zamani isiyo na `rsync` ina `ufsdump` au `cpio`, na `tar` ya muundo wa ustar haibebi faili inayozidi GiB 8. Malipo ya usumbufu huu ni kwamba unaweza kubadili mfumo wa faili na kuhamia sekta za baiti 4,096 bila wasiwasi. Njia mbili za kwanza hazikupi uhuru huo.

Inamfaa mwenye ruhusa ya kusimamisha huduma saa moja, na hasa anayehamia diski za aina tofauti kabisa na zilizopo.

Kutoa diski: hapa njia zote zinakutana

Ningepewa kusema jambo moja tu katika ulinganisho huu, ningesema hili: sijaona data nyingi ikipotea wakati wa kuhama. Nimeiona ikipotea wakati wa kuchomoa.

Katika ofisi moja niliwahi kuandika kwenye daftari "toa sdb". Seva ikawashwa upya kwa sababu nyingine, majina yakabadilika, na iliyokuwa sdb ikawa sdc. Nilichomoa diski yenye uhai. Tuliokolewa na pacha wake, na usiku ule sikulala. Tangu hapo natumia namba ya serial tu, kwa `smartctl -i` au `/dev/disk/by-id`, na kwenye AIX `lscfg -vpl`. Naiandika kwenye karatasi, namsomea mwenzangu kwa sauti, naye anaisoma kwenye kibandiko cha diski. Kama kabati lina taa ya kuonyesha diski, iwashe.

Mpangilio nao una uzito. Kwa diski zinazotoka kwenye safu ya mbali (kabati la diski linalohudumia seva kupitia mtandao), seva iache diski kwanza, ndipo msimamizi wa safu aiondoe: shusha mfumo wa faili, toa kwenye kundi, `pvremove`, `multipath -f` (multipath husimamia njia kadhaa za kufikia diski moja), `blockdev --flushbufs`, kisha andika 1 kwenye `/sys/block/sdX/device/delete` kwa kila njia. Kwenye AIX ni `rmdev -dl`. Ukigeuza mpangilio, na `multipath` ikiwa imewekwa kusubiri njia irudi, programu zitagoma zikisubiri diski ambayo haitarudi, na hata `vgs` itakwama. Mara nyingi hapo hakuna dawa ila kuwasha upya, kitu kilekile ulichokuwa unakikwepa.

Kisha iweke diski karantini. Usiifute bado. Kosa la `/etc/fstab` linaloitaja diski iliyoondoka halionekani leo. Litaonekana miezi sita baadaye, umeme utakapokatika na seva ikashindwa kuamka. Omba muda wa kuwasha upya kwa mpango, wewe ukiwepo, diski ya zamani ikiwa mezani na si kwenye seva. Iliyotenganishwa kutoka kwa pacha ina utambulisho uleule wa mfumo wa faili, na ikiachwa imechomekwa, seva inaweza kuamka na kupandisha ile isiyo sahihi.

Kufuta

Hapa nitaenda haraka. Mwongozo wa NIST SP 800-88, wa taasisi ya viwango ya Marekani, unagawa kazi katika ngazi tatu: kusafisha, kutakasa, na kuharibu. Kwa diski ya sumaku inayofanya kazi, kuandika juu yake yote mara moja kwa `shred` au zana ya aina hiyo, kisha kuhakiki, kunatosha kwa data ya kawaida. Mizunguko 35 ya Peter Gutmann ya mwaka 1996 ilikusudiwa namna za uandishi za diski za enzi hizo. Kwa SSD, diski zisizo na sahani inayozunguka, kuandika juu hakufiki kwenye maeneo ya akiba, kwa hiyo tumia amri ya kufuta iliyo ndani ya diski yenyewe. Diski iliyokufa haiandikiki: iharibiwe kwa mashine, mbele ya shahidi, na serial yake iandikwe. Ukiwa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Diski yenye majina ya wagonjwa iliyouzwa kwa kilo kwenye vyuma chakavu ni jambo la sheria, si uzembe wa stoo tu.

Kulingana na hali yako

Kama diski ya zamani ni nzima, sekta zinalingana na huduma haisimami kamwe, hamisha vipande, voliumu moja kila usiku, ukianza na isiyo na thamani kubwa.

Kama unaziogopa diski mpya kuliko za zamani, kwa mfano zimenunuliwa zikiwa zimetumika kwa sababu hazitengenezwi tena, akisi. Ziache pamoja zipite angalau mwisho wa mwezi mmoja, kisha tenganisha kwa amri inayobakiza nakala.

Kama unabadili ukubwa wa sekta, mfumo wa faili au mashine nzima, nakili upya. Hapo njia mbili za kwanza zitakuchosha bure.

Kama uko peke yako na mfumo ni wa mtu aliyekwisha staafu, huku huujui vizuri, nakili upya pia, hata ikibidi ubembeleze wiki mbili kupata saa moja ya Jumapili. Asili isiyoguswa itakusamehe makosa ambayo `pvmove` haisamehi.

Na kama diski imeshaanza kutoa makosa ya kusoma kwenye `dmesg` au `errpt` (kumbukumbu za makosa za Linux na AIX), acha kwanza zote tatu. Punguza kazi juu yake na usiizime. Toa zile faili ambazo taasisi haiwezi kuishi bila hizo, moja moja, kwenda kwenye mashine nyingine. Baada ya hapo ndipo usimamishe huduma na kutumia GNU ddrescue, ambayo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka na kuziacha mbovu mwisho. Kile kitakachotoka ndicho utakachokipandisha kwenye diski mpya, na yale yaliyokosekana utayatafuta kwenye bakapu, faili kwa faili.